Panya wa Mistari ya Mwisho

Pale ofisini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kwa Mujibu, mbele yake na nyuma yake, naye aliitika. Jina alijitafutia mwenyewe. Ukimwambia kesho mvua itanyesha, anakuuliza, "Kwa mujibu wa nani?" Ukimwambia chai imeiva, vilevile. Siku moja dereva alikuja mbio kutuambia duka la jirani linaungua. Mzee akainua kichwa, "Kwa mujibu wa..." Moshi ukamwingia puani, akanyamaza, akabana kompyuta yake kwapani, akatoka. Tulimcheka mwaka mzima.

Alikuwa mhariri wa ukurasa wa sayansi katika gazeti letu linalotoka kila Ijumaa. Ninaposema mhariri msidhani alikuwa na watu chini yake. Ukurasa ulikuwa mmoja, wa saba, na aliyeuandika, akauhariri, akaupigania usiliwe na matangazo, ni yeye peke yake kwa miaka ishirini na miwili. Meza yake ilikuwa pembeni kabisa, karibu na mashine ya kutoa nakala, na kila mtu akija kutoa nakala anaweka kikombe chake juu ya majarida ya mzee. Majarida yale alikuwa akiyapata kwa kuwaomba watafiti, moja moja, mengine yana miaka mitatu. Miwani yake ilikuwa na mkono mmoja. Upande wa pili aliufunga uzi mweusi, akauzungusha sikioni.

Kabla ya gazeti alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule isiyo na maabara. Darubini aliifundisha kwa kuichora ubaoni. Alikuwa akiniambia, "Gazeti nalo ni ubao tu, mwanangu. Ubaya wake halina kifutio."

Kwa sababu hiyo alikuwa na bati. Bati la biskuti, kubwa, lenye picha ya maua iliyofutika. Ndani alitunza kila sahihisho alilowahi kuchapisha, amelikata kwa mkasi na kuliandika tarehe. Mwandishi mpya akija, mzee anamkalisha, anafungua bati, anamwambia, "Haya makaburi yangu. Yasome." Yalikuwa thelathini na moja. Nililolipenda mimi ni hili: "Wiki iliyopita tulimwita nyangumi samaki. Nyangumi si samaki. Tunamwomba radhi msomaji, na nyangumi pia."

Mimi nilikuwa wa usafi na chai. Nilianza kazi pale nikiwa na mimba, nikarudi baada ya kujifungua watoto wawili kwa mpigo, basi nikawa Mama Pacha kwa kila mtu, kuanzia mhariri mkuu hadi mlinzi. Shule yangu iliishia darasa la saba. Nililiona jambo hilo kama doa kwenye gauni, la kufunika kwa mkono. Mzee ndiye aliyelitafutia kazi.

Ilikuwa hivi. Kila Jumanne, kabla ukurasa wake haujaenda kwa mpangaji kurasa, aliingia jikoni na karatasi zake, akakaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa. Ananipa habari, naisoma kwa sauti huku maji yakichemka. Nikimaliza, naifunika kifudifudi mezani, namsimulia kwa maneno yangu kama ninavyomsimulia jirani yangu kisimani. Nikikwama, anachora duara jekundu.

"Hapa umeteleza wewe au nimeteleza mimi?"

"Mimi, mzee."

"Hapana. Ni mimi. Wewe umesoma kilichoandikwa."

Nyumbani mume wangu alikuwa akinitania, "Leo umefundisha wataalamu wangapi?" Lakini watoto walipoharisha, mimi ndiye niliyejua kuchanganya chumvi na sukari kwenye maji kwa kipimo, na nilijua kwa nini.

Sasa nije kwenye Jumanne yenyewe.

Habari ya wiki ile ilikuwa ya ule mti mdogo ambao watu wanaupanda kuwa uzio. Kuna watafiti walikuwa wameyachemsha majani yake na kuona kwamba yanashusha sukari mwilini. Nikaanza kusoma. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukaniletea panya arobaini katika vizimba.

Nikaacha. "Mzee, hawa panya mbona wameingia mapema hivi? Habari ilikuwa inapanda, mara panya. Mimi wananitia kinyaa. Nyumbani kwangu wametafuna nepi za watoto. Hebu washushe huko chini."

Akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Watu wengine nao watawachukia?"

"Nani anawapenda?"

Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia fungu lote la panya, akachora mshale mrefu kushuka mpaka mwisho wa habari. Nikasoma upya. Ilikuwa tamu. Jani, chungu, mvuke, sukari ikishuka. Panya walikuja mwishoni kabisa, mistari sita: kwamba waliopimwa ni panya, kwamba hakuna mtu aliyepimwa bado, na mgonjwa asiache dawa zake. Nikamsimulia bila kukwama hata mara moja. Akanisifu. Nilifurahi, sitaki kusema uongo, nilibeba sinia la chai siku hiyo kama bibi harusi.

Jumatano alasiri likaingia tangazo la vigae. Mpangaji kurasa, kijana mwenye haraka, akapaza sauti kutoka upande wa pili wa chumba: "Mzee! Mistari sita imezidi!" Kwa Mujibu alikuwa kwenye simu, anambana mtaalamu mmoja wa mambo ya nyuki. Hata kugeuka hakugeuka. Akainua mkono kama anayefukuza nzi: "Kata mkia."

Hilo halikuwa jambo la ajabu. Magazetini nafasi ikipungua unakatwa mkia, kwa hiyo kila mwandishi anaweka nyama juu na makapi chini. Yeye mwenyewe aliandika hivyo miaka yote ishirini na miwili. Wiki ile tu ndipo alipoiweka nyama chini, kwa ajili yangu, na mkono wake ukasahau.

Ijumaa gazeti likatoka. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza, kwa rangi nyekundu: JANI LA UZIO LASHUSHA SUKARI, soma ukurasa wa 7. Mzee hasomi ukurasa wake ukishachapwa. Anasema unamuumiza tumbo. Mimi nilikuwa nimeshausoma jikoni, basi nakala yangu niliifungia sabuni.

Mlinzi wetu wa getini tulimwita Kamanda kwa sababu ya jinsi alivyopiga saluti hata kwa mwuza karanga. Alikuwa mtu mzima, mwenye ugonjwa wa sukari wa siku nyingi. Yeye ndiye aliyepokea mafurushi ya gazeti alfajiri ya Ijumaa kutoka kiwandani, akakata kamba, akasoma nakala ya kwanza kabla ya mtu yeyote duniani. Alianza na ukurasa wa saba kila wiki. Halafu mzee akifika getini, wanasimama pale nusu saa wanabishana kuhusu mwezi na sayari. Urafiki wao ulikuwa huo.

Jumatatu ya wiki ya pili nilimkuta Kamanda amevua kiatu kimoja, mguu ameufunga kitambaa.

"Kamanda, mguu vipi?"

"Kiatu kimenigombeza kidole. Kitapoa."

Akamimina kitu cha kijani kutoka kwenye chupa yake ya chai, akanywa, akakunja uso.

"Chai gani hiyo ya rangi ya dimbwi?"

"Chai ya ukurasa wa saba," akasema kwa majivuno. "Asubuhi kikombe, jioni kikombe. Leo siku ya kumi na moja. Mzee sijamwambia, nangoja wiki tatu zitimie nimshangaze."

"Na vidonge?"

"Vile? Nimevistaafisha. Vimefanya kazi miaka tisa, viende likizo."

Nikacheka kwanza. Halafu nikasema, "Lakini Kamanda, si walikuwa panya?"

"Panya gani?"

"Waliopimwa."

"Mama Pacha, pacha hao wanakulaza kweli? Hakuna panya pale." Akavua kofia, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayetoa cheti. "Soma mwenyewe."

Nikasoma mpaka mwisho. Mwisho wenyewe ulikuwa: "Walionyweshwa maji ya majani hayo, sukari yao ilishuka ndani ya wiki tatu." Chini ya hapo, vigae.

Nikaondoka na kile kipande. Nilipanda ngazi sijui vipi. Nikamkuta mzee mezani, nikamwekea kile kipande mbele yake, nikamwambia yote, chupa ya kijani, kitambaa cha kidole, na vidonge vilivyostaafishwa. Alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari kama mtoto. Alipofika kwenye vigae alivua miwani, akafungua ule uzi sikioni, akaufunga tena, akaufungua. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Mzee, ni mimi niliyesema washushwe."

"Uliniambia panya wanatia kinyaa. Ni kweli wanatia kinyaa. Niliyesema kata mkia ni nani?"

Tukashuka getini. Kamanda akapiga saluti.

"Kamanda," mzee akasema, "rudia vidonge vyako. Leo hii."

"Kwa mujibu wa nani?" Kamanda akacheka sana, alikuwa ameingoja nafasi hiyo miaka mingi.

"Kwa mujibu wangu."

"Na hii iliyokuwa kofiani mwangu," akanipokonya kile kipande, "kwa mujibu wa nani?"

"Wangu pia."

"Basi mnagombana wewe na wewe. Moja imeandikwa, nyingine ya mdomo. Na ni wewe uliyenifundisha hapa hapa getini: ya mdomo usiibebe."

"Nimekosea, Kamanda. Walikuwa panya. Mistari ilikatwa, nami ndiye niliyesema ikatwe."

Kamanda akamtazama kwa huruma, kama anamtazama mgonjwa. "Wewe hukosei, mzee. Wamekutisha. Wenye maduka ya dawa, siyo? Wameona biashara inakufa."

"Twende basi hata ukapimwe. Zahanati ni hapo tu."

"Nitapimwa nikiumwa. Mimi sijambo, naruka." Akasimama kutuonyesha, uso ukamkunjamana mguu ulipogusa chini. "Iandike. Iweke pale pale ilipokaa ile nyingine, niione kwa macho haya, nami nitameza vyote na pakiti yake."

Tukarudi juu. Mzee alikuwa akipanda ngazi akishika ukuta.

Mhariri mkuu wetu alikuwa mama mmoja mwenye sauti ya chini. Akikukaripia unadhani anakuuliza habari za nyumbani. Niliingia na sinia wakiwa wameshaanza, nikamimina chai taratibu kuliko inavyohitajika.

"Masahihisho yana nyumba yake, mzee. Ukurasa wa kumi, chini."

"Kosa lililala wapi, mama?"

"Ninajua lilipolala."

"Ukurasa wa kwanza. Juu. Kwa rangi nyekundu."

"Wangapi wamelalamika?"

"Hakuna aliyelalamika. Mmoja ninamjua ameacha dawa. Tunachapa nakala elfu sita. Wengine sikai nao getini."

Mama akageuza kalamu yake. "Sikiliza. Mwezi ujao wenye gazeti wanaamua kurasa zipi zibaki. Ukurasa wako nimeutetea mara tatu. Ukiandika mbele ya watu wote kwamba sayansi yetu ilikosea, nitautetea kwa maneno gani?"

Nilimwona mzee anaangalia mikono yake. Ule ukurasa ndio uliomwamsha asubuhi. Mkewe alishafariki, binti yake kaolewa mbali, hana bustani wala paka. Nikadhani atakubali ukurasa wa kumi, na moyoni sikumlaumu.

"Useme hivi," alisema. "Ulikuwa ukurasa unaosema ukikosea."

Sijui nani alinifungua mdomo. "Samahani mama. Kamanda hafiki ukurasa wa kumi. Anasoma wa saba, wa kwanza, halafu michezo."

Akanigeukia. "Wewe umejuaje?"

"Namkuta kila Ijumaa. Na hao panya, ni mimi niliyewashusha."

Mhariri mkuu akatutazama, mimi na birika langu, mzee na uzi wake. "Mistari kumi," akasema. "Haizidi hata herufi. Na jina lako liwepo, mzee, siyo la gazeti peke yake."

"Jina langu ndilo la kwanza."

Tuliandika jikoni. Safari hii hakukaa kwenye kopo, alisimama. Aliandika, nikasoma, nikafunika, nikasimulia; akakata, tukaanza tena. Mara ya kwanza aliandika "wagonjwa wanashauriwa kuendelea na matibabu." Nikamwambia Kamanda atasema wagonjwa ni wale wa hospitali, yeye hajambo. Akachora duara. Nikamwambia pia aweke neno "leo", maana mtu asipoambiwa leo atangoja kesho. Mwishowe ikawa hivi:

"NILIKOSEA. Wiki mbili zilizopita niliandika kwamba majani ya uzio yanashusha sukari. Waliopimwa walikuwa panya arobaini. Hakuna mtu hata mmoja aliyepimwa. Mistari iliyosema hivyo niliamuru ikatwe mimi mwenyewe. Kama uliacha dawa zako kwa sababu yangu, zirudie leo, nenda ukapimwe leo."

Chini, jina lake kamili. Ndipo nilipolijua.

Siku tatu za kungoja gazeti hazikwisha. Kila asubuhi nilimbembeleza Kamanda, naye kila asubuhi alinionyesha kikombe cha kijani. Alhamisi alikaa kwenye kiti kutwa nzima. Saluti alipiga akiwa amekaa.

Ijumaa niliwaacha pacha kwa mama mkwe mapema kuliko kawaida. Gari la kiwandani lilikuwa ndiyo kwanza linaondoka. Mzee nilimkuta ameshafika, amesimama ng'ambo ya barabara karibu na kibanda kilichofungwa, haji, haondoki. Nikasimama naye.

Kamanda akakata kamba kwa kisu chake. Akachomoa nakala ya kwanza kabisa, akaipeleka chini ya taa ya geti. Tulimwona akianza kufungua ukurasa wa saba, kama desturi yake, halafu mkono ukarudi nyuma. Akasoma ukurasa wa kwanza. Akasoma tena. Akavua kofia, akatoa kile kipande cha zamani, akaviweka vyote viwili bega kwa bega juu ya furushi, akawa anahamisha macho, huku, kule, huku.

Akainua kichwa akatuona.

"Mzee!" akaita. "Kwa hiyo ilikuwa kweli."

"Kweli, Kamanda."

"Na umejianika hivi? Elfu sita?"

"Elfu sita."

Kamanda akatikisa kichwa. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa pakiti ya vidonge. Kumbe alikuwa anatembea navyo siku zote. "Mama Pacha," akasema, "nipe maji. Maji, siyo chai."

Zahanati walimpeleka wawili, mzee upande huu na dereva upande ule. Sukari ilikuwa juu mno, wakamhamishia hospitali siku hiyo hiyo. Kidole kidogo cha mguu hakikuokoka. Kwa Mujibu alikwenda kumwona kila jioni kwa wiki tatu, anakaa kwenye benchi la wodi, na Kamanda ndiye aliyemliwaza: "Acha uso huo, mzee. Kiatu kimepata nafasi." Mke wa Kamanda alikuwa wa kwanza kukasirika na wa mwisho kusamehe, na haki yake. Zaidi ya mwezi alimwitikia mzee salamu bila kumtazama. Siku aliyomwambia, "Shemeji, kaa basi, umesimama kama mgeni," mzee alikuja kunisimulia jikoni kana kwamba amepewa tuzo.

Barua zilikuja kumi na nne. Watu tisa walikuwa wameacha dawa. Mmoja alimtukana mzee vizuri sana, kurasa mbili. Hiyo nayo aliiweka ndani ya bati, juu ya sahihisho la thelathini na mbili. Ukurasa wa sayansi haukufutwa, ila ulikatwa nusu. Nusu ya chini sasa ni ya vigae na masinki. Mzee hakulalamika. Alisema nusu inamtosha mtu asiyepoteza mistari.

Siku hizi habari zake zote zinaanza vilevile. Mstari wa kwanza kabisa unasema ni nani aliyepimwa na walikuwa wangapi, hata kama ni konokono. Waandishi vijana wanalalamika kwamba zinaanza kwa kuchosha. Mpangaji kurasa anakata mkia apendavyo, na mkia haubebi tena kitu cha kumdhuru mtu.

Na Jumanne jikoni tuko watatu. Kamanda anakuja na fimbo yake, anakalia kopo, mzee anaegemea mlango, mimi nasoma. Juzi ilikuwa habari ya usingizi, kwamba anayelala mchana kidogo anakumbuka zaidi. Nilisoma, nikafunika karatasi, nikavuta pumzi nianze kusimulia. Kamanda akanyoosha fimbo, akagonga meza.

"Subiri kwanza, Mama Pacha. Nani aliyelala?"

"Watu," nikamwambia. "Wanafunzi sitini."

Akamgeukia mzee, naye mzee akaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema Kamanda. "Endelea."